Haute couture na swali la sanaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mazungumzo ya mavazi ya kifahari yanapokolea: darasani, kwenye foleni ya makumbusho, au picha ya gauni la ajabu inaposambaa na mtu akauliza, "Hii nayo ni nguo?" Mwenye haraka aende moja kwa moja swali la 6. Anayetaka kujua jibu lile limetoka wapi aanzie hapa.

## Mambo ya msingi

1. Haute couture ni nini hasa?

Ni jina la Kifaransa (hutamkwa "ot kutyur") lenye maana ya ushonaji wa juu. Nchini Ufaransa mtu hawezi kujipachika jina hilo apendavyo, kwa kuwa tangu mwaka 1945 linalindwa na sheria. Nyumba ya mitindo hulitumia ikiwa tu imekubaliwa na tume iliyo chini ya wizara ya viwanda, na orodha ya waliokubaliwa hupitiwa upya kila mwaka.

Masharti yamelegezwa mara kadhaa tangu wakati huo, lakini kiini chake ni kilekile. Nguo ishonwe kwa vipimo vya mteja mmoja. Mteja ajaribishwe kabla haijamalizika. Karakana iwe Paris, na iwe na idadi ya chini iliyowekwa ya mafundi wa kudumu. Mkusanyo mpya wa mavazi uonyeshwe mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai.

2. Inatofautianaje na nguo za dukani zenye majina ya wabunifu haohao?

Nguo ya dukani, hata ikiwa ghali, hukatwa kwa saizi. Inamsubiri mtu asiyejulikana. Haute couture huanza na mwili wa mtu anayejulikana: bega moja limeshuka kidogo, nyonga moja imejaa kuliko nyingine. Kwanza nguo hushonwa kwa kitambaa cha amerikani, pamba nyeupe isiyo na thamani kubwa, ili makosa yafanyike hapo. Mteja huvalishwa, fundi huchomeka pini, hufumua, huchora upya. Kitambaa chenyewe hukatwa baada ya amerikani kukaa sawasawa.

Tofauti hii ni ya njia ya kazi. Haimaanishi kwamba nguo ya dukani haina fikra, na katika swali la 9 utaona kwamba baadhi ya mifano mizito kuliko yote imetoka upande wa nguo za dukani.

3. Nani alianzisha utaratibu huu?

Kwa kawaida hutajwa Mwingereza, jambo linalowashangaza wengi. Charles Frederick Worth alizaliwa mwaka 1825, akahamia Paris akiwa kijana, na mwaka 1858 akafungua nyumba yake mtaa wa Rue de la Paix pamoja na mshirika wake Otto Bobergh. Eugénie, mke wa mfalme Napoleon III, alikuwa mteja wake.

Kabla yake mteja ndiye aliyeamua: alinunua kitambaa, akampelekea mshonaji, akaeleza anachotaka. Worth aliupindua mpango huo. Alibuni kwanza, akawavalisha wasichana nguo hizo, wateja wakachagua kutoka kwenye alichokwisha kukifikiria. Kisha akashonea ndani lebo yenye jina lake, kama mchoraji anavyotia sahihi pembeni mwa picha. Swali zima la sanaa lilizaliwa na lebo ile. Kabla ya hapo hakuna aliyehangaika kuuliza kama mshonaji ni msanii, maana jina la mshonaji halikuonekana.

4. Kwa nini bei yake ni kubwa hivyo?

Kwa sababu ya saa za watu. Koti la maua ya irisi alilobuni Yves Saint Laurent mwaka 1988 kwa kuitazama michoro ya Vincent van Gogh lilidariziwa katika karakana ya Lesage kwa takriban saa 600. Hizo ni saa za kudarizi peke yake. Kukata na kushona ni hesabu nyingine. Ukiongeza hariri, shanga, na mara kadhaa za kujaribisha, utaelewa kwa nini vazi moja hufika makumi ya maelfu ya euro.

Bei, hata hivyo, haithibitishi sanaa. Meli ya starehe nayo ni ghali.

5. Je, mbunifu hushona mwenyewe?

Inategemea nani. Cristóbal Balenciaga, Mhispania aliyezaliwa Getaria mwaka 1895, aliweza kubuni, kukata, kushona na kumalizia kwa mikono yake, na alisifika kwa kufumua mkono wa koti lililokwisha shonwa kwa sababu halijamridhisha. Madeleine Vionnet hakuanza na mchoro. Alikizungusha kitambaa kwenye kidoli cha mbao chenye urefu wa karibu nusu ya mwanamke, akaacha kitambaa kimwonyeshe kinapotaka kuangukia. Christian Dior alichora kwa wingi, kisha mafundi wakuu wakaitafsiri michoro yake kwa amerikani.

Karakana nyingi zimegawanyika pande mbili: upande wa nguo laini zinazotiririka, na upande wa makoti na suti zenye umbo. Kila upande una fundi mkuu wake, mtu ambaye jina lake halitokei kwenye tangazo lolote. Habari zake ziko swali la 13.

## Je, ni sanaa?

6. Nipe jibu fupi: haute couture ni sanaa au si sanaa?

Haute couture kwa ujumla wake ni ufundi wa daraja la juu kabisa. Ndani yake, mara chache, huzaliwa vazi ambalo ni sanaa kwa maana ileile tunayoitumia kwa shairi au sanamu. Vazi kama hilo huzaliwa pia nje yake.

Kwa hiyo anayeuliza "Je, haute couture ni sanaa?" ameuliza jambo lisilojibika kwa ndiyo wala hapana, sawa na kuuliza kama uchoraji ni sanaa huku ukiwa umeyajumlisha mabango ya rangi za nyumba. Liulizwe vazi lenyewe, moja baada ya jingine.

7. Kwa nini wengi husema nguo haiwezi kuwa sanaa?

Hoja tatu hujirudia: nguo ina kazi ya kufanya, nguo huuzwa, na nguo hupitwa na wakati kila msimu. Ya biashara imejibiwa swali la 17.

Hoja ya kazi ina historia inayojulikana. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux alipanga orodha ya sanaa nzuri: muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi, zile ambazo lengo lake ni kupendeza. Kazi za mikono zilizotumikia mahitaji aliziweka kando. Ujenzi na ufasaha wa kusema vilimsumbua, akavitengea kundi la katikati kwa kuwa vinapendeza na vinatumika. Ushonaji haukufikiriwa kabisa. Mgawanyo ule umekuwa kama sheria ya maumbile, ilhali ni uamuzi wa watu wa zama fulani katika bara moja.

Kiswahili chenyewe hakikuzaliwa na mpaka huo. Neno *sanaa* lina asili ya Kiarabu, na huko chimbuko lake ni kutengeneza, kazi ya mikono, ustadi. *Fundi* kwetu ni neno la heshima, mtu anayejua. Msemaji wa Kiswahili anayesema "huyu ni fundi tu, si msanii" ameazima dharau ambayo lugha yake haikuwa nayo.

Hoja ya msimu nayo haina uzito mkubwa. Picha nyingi hupitwa na wakati. Nguo nyingi pia. Zinazobaki ndizo tunazozungumzia.

8. Kitu chenye matumizi kinawezaje kuwa sanaa?

Kama jengo linavyoweza. Msikiti, kanisa au daraja havipungukiwi hadhi kwa kuwa vinatumika, na mjenzi mwenye kipaji hulichukua hitaji lenyewe, uzito wa paa, upana wa mlango, akalifanya liseme.

Charles James, aliyefanya kazi zake kubwa Marekani, alishona namna hiyo. Gauni lake la mwaka 1953 lenye sketi ya majani manne lilikuwa zito, lakini alilisawazisha uzito wake juu ya nyonga ili mvaaji aweze kucheza dansi. Lilikusudiwa kuvaliwa kwenye sherehe ya kuapishwa kwa rais Eisenhower, halikumalizika kwa wakati. Ukilitazama kwa juu unaona jani. Ukilitazama kwa pembeni unaona sketi inapanda na kushuka kama wimbi. Hitaji la kutembea ndilo lililoipa sketi ile mdundo.

9. Nitatambuaje vazi lililo sanaa, na si zuri tu?

Hapa ndipo penye kazi, na sina kipimo cha kukupa kama cha utepe. Lakini waliosoma fasihi ya Kiswahili wanacho kifaa tayari: fani na maudhui. Jiulize vazi linasema nini, na linalisema kwa njia gani. Kisha jiulize kama ungeweza kuvitenganisha. Vazi likiwa na mkato wa kawaida na ujumbe umebandikwa juu yake, ni bango. Likiwa na mkato wa ajabu lisilo na jambo, ni maonyesho ya ustadi, na ustadi ni kitu cha kuheshimiwa. Mkato wenyewe ukiwa ndio wazo, umefika.

Mfano wa Vionnet. Alikata kitambaa kimshazari, yaani nyuzi zikipita kwa ulalo badala ya kusimama wima. Kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka, huufuata mwili bila kuushurutisha. Zama zake zilikuwa zimetoka kwenye koseti zilizokuwa zikiwafunga wanawake mbavu. Huhitaji maandishi pembeni kukueleza gauni lake linasema nini kuhusu mwili wa mwanamke; liweke mbele ya koseti utalisikia.

Balenciaga alikwenda njia ya pili: aliuacha mwili upumue ndani ya umbo. Mwaka 1958 kampuni ya Abraham ya Zurich ilimtengenezea gazar, hariri ngumu inayoweza kusimama bila kushikiliwa. Mwaka 1961 alitoa koti lenye mshono mmoja. Mmoja! Aliyewahi kukaa kwenye cherehani anajua maana yake: bega, kwapa na mkono vyote vimetatuliwa kwa kukunja, bila kukata vipande. Nikilitazama koti lile naona mtu anayeuliza ni kiasi gani unaweza kuondoa na bado kitu kikabaki kitu. Wachongaji nao huuliza hivyo.

Halafu Rei Kawakubo, Mjapani mwenye nyumba ya mitindo ya Comme des Garçons. Katika mkusanyo wake wa majira ya kuchipua ya 1997 alishonea manundu ndani ya magauni ya kitambaa cha kunyumbuka: mgongoni, begani, upande mmoja wa nyonga. Watu walichukia. Vitambaa vingine vilikuwa vya vimiraba vya kawaida kabisa, vya kitoto, na hapo ndipo ukali wake ulipo. Nguo karibu zote hukubali bila kuulizwa kwamba kuna mwili sahihi unaopaswa kukaribiwa. Hizi zilikataa. Mwaka huohuo mwanadansi Merce Cunningham aliwavalisha wachezaji wake mavazi ambayo Kawakubo aliyabuni kutokana na mkusanyo huo, na ilionekana wazi kwamba mwili wenye nundu una namna yake ya kugeuka na kuegemea.

Mkusanyo wa Kawakubo ulikuwa wa nguo za dukani. Vivyo hivyo onyesho la Alexander McQueen, London, Septemba 1998, ambapo mwanamitindo Shalom Harlow alizungushwa jukwaani akiwa na gauni jeupe huku mashine mbili za aina inayotumika viwanda vya magari zikimnyunyizia rangi nyeusi na ya manjano. Kisheria hakuna hata moja kati ya haya lililo haute couture.

10. Vazi likibeba picha ya mchoraji mashuhuri, linakuwa sanaa?

Si kwa hilo peke yake. Fulana yenye picha ya makumbusho ni fulana.

Lakini tazama magauni ya Saint Laurent ya mwaka 1965 yaliyotokana na michoro ya Piet Mondrian. Watu huyataja kama mfano wa kunakili, kwa kuwa picha zake za kamera huonyesha miraba tu. Ukiyakaribia unaona kwamba miraba haikuchapwa. Kila kipande cha sufu kilikatwa peke yake kikaunganishwa na kingine, na mishono inayolipa gauni umbo la mwili imefichwa ndani ya mistari ileile ya mchoro. Mwili umepinda, gauni linaonekana bapa. Hilo ni wazo la mshonaji, na mchoraji asingeweza kulipata.

Mbunifu Elsa Schiaparelli na mchoraji Salvador Dalí walifanya kazi pamoja kwa namna ya wawili wanaobishana. Gauni jeupe la mwaka 1937 lenye kamba wa baharini, mkubwa na mwekundu, aliyechorwa kwenye sketi ni maarufu zaidi. Mimi nalipenda zaidi gauni jeusi la mwaka 1938 lenye mbavu na uti wa mgongo uliotokeza kwa kujazwa pamba chini ya kitambaa, kwa kuwa pale wazo limeingia kwenye mshono.

11. Na nguo zisizovalika?

Wengine hudhani kutovalika ndiko kunakoifanya nguo iwe sanaa, kana kwamba ikiacha kazi ndiyo inapata cheo. Naona ni kinyume. Hussein Chalayan, katika mkusanyo wake wa mwaka 2000 kuhusu watu wanaolazimika kukimbia makazi yao, alimaliza onyesho kwa mwanamitindo kuingia katikati ya meza ya mbao ya duara, akaivuta juu, ikawa sketi, akaondoka nayo. Sketi ile inauma kwa sababu *inavaliwa*. Mtu amebeba sebule yake mwilini.

Pia kuna wasanii wanaotengeneza nguo kama sanaa tangu mwanzo: Atsuko Tanaka wa Japani na vazi lake la taa za umeme la 1956, au Joseph Beuys na suti yake ya sufu iliyogandamizwa ya 1970, iliyotolewa kwa nakala nyingi na kutundikwa ukutani. Hizo hakuna anayezibishia. Ni ajabu kwamba suti isiyovaliwa, ya mkato wa kawaida, huingia jumba la sanaa bila swali, na koti la Balenciaga linasimamishwa mlangoni.

## Wabunifu na mikono mingine

12. Wabunifu wenyewe wanasemaje?

Wamegawanyika. Paul Poiret, aliyevuma Paris kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alijitangaza kuwa msanii, akawashirikisha wachoraji kama Raoul Dufy katika vitambaa vyake. Schiaparelli aliandika kwamba kubuni mavazi kwake ni sanaa. Upande wa pili, Gabrielle Chanel aliiona kazi yake kuwa ufundi, Karl Lagerfeld alilikataa jina la msanii mara nyingi, na Kawakubo, ambaye wengi wangempa cheo hicho kwanza, amesema mara kwa mara kwamba yeye si msanii na kwamba mitindo ni biashara.

Nawaamini wote wanapoeleza walivyofanya kazi. Kuhusu cheo cha kazi yenyewe, aliyeitengeneza ana kura moja kama sisi.

13. Ikiwa watu thelathini wameshiriki, msanii ni nani?

Swali hili linanigusa kuliko yote ya ukurasa huu. Gauni moja huweza kupita kwa mbunifu, fundi mkuu, washonaji wake, wadarizi wa nyumba kama Lesage iliyoanza mwaka 1924, na watengenezaji wa manyoya na maua wa Lemarié, iliyoanza mwaka 1880. Wafaransa huwaita washonaji hao "mikono midogo", jina la mapenzi lenye udhalimu ndani yake.

Mfano wa filamu husaidia: tunakubali kwamba mwongozaji ana kauli ya mwisho, lakini majina ya wote hupita mwishoni. Nguo haina mwisho wa namna hiyo. Kuna wadarizi waliogundua namna ya kushikiza shanga ili kitambaa kining'inie bila kukunjamana, na uvumbuzi huo ndio gauni lenyewe. Makumbusho ikiandika "vazi la fulani" na kuishia hapo, imeandika nusu. Kwa karakana ambazo kumbukumbu zake zipo, ningependa kuona kibandiko chenye jina la nyumba ya tarizi na la fundi mkuu, kwa herufi zilezile za mbunifu.

14. Mbunifu akifa na nyumba ikaendelea, vazi ni la nani?

La yule anayebuni sasa, hata lebo iwe ya marehemu. Dior alifariki Oktoba 1957, na Saint Laurent, kijana wa miaka 21, akashika usukani wa nyumba ile. Hakuna anayeyaita magauni aliyobuni pale kazi za Dior. Balenciaga aliona njia nyingine: mwaka 1968 alifunga nyumba yake, akafariki mwaka 1972. Jina lilifufuliwa na wengine baadaye.

15. Hili ni jambo la Paris tu?

Jina la kisheria, ndiyo. Ubunifu, hapana, na hata ndani ya Paris wengi wametoka mbali. Azzedine Alaïa, Mtunisia, alisomea uchongaji Tunis kabla ya kushona, na mtu aliyeliona gauni lake kwa nyuma hahitaji kuambiwa. Guo Pei wa China alialikwa kwenye kalenda ya haute couture, yaani ratiba rasmi ya maonyesho ya Paris, mwaka 2016. Januari 2020 Imane Ayissi wa Kamerun alikuwa mbunifu wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuonyesha katika kalenda hiyo, na alikuja na vitambaa vya kusokotwa na kutiwa rangi kwa mikono vya bara hili.

Kuna jambo la haki hapa. Mwaka 1967 Saint Laurent alionyesha magauni ya shanga za mbao na makuti yaliyotokana na kuitazama Afrika, na yakapokelewa kama ushairi. Ni mazuri kweli. Lakini shanga na makuti hayo yakishonwa na mikono isiyo na jina huko yalikotoka, huwekwa kwenye chumba cha "mila na desturi", mbali na chumba cha sanaa. Anayetaka vazi la Paris liitwe sanaa hana budi kuufungua mlango huohuo kwa kazi zilizolizaa.

## Makumbusho, fedha na sheria

16. Vazi likiwekwa makumbusho, limethibitishwa kuwa sanaa?

Hapana, ingawa limepewa nafasi ya kutazamwa polepole. Mwaka 1983 jumba la Metropolitan la New York lilimwandalia Saint Laurent maonyesho, mbunifu wa kwanza aliye hai kupewa heshima hiyo pale, chini ya usimamizi wa Diana Vreeland. Lawama zilifuata kwamba makumbusho imegeuka dirisha la duka. Haikurudia kwa mbunifu mmoja aliye hai hadi Kawakubo mwaka 2017. Maonyesho ya McQueen ya mwaka 2011, baada ya kifo chake, yalivuta zaidi ya watu 660,000.

Kasoro kubwa ya makumbusho ni nyingine: nguo inasimama. Imevalishwa sanamu isiyopumua, chini ya mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa nuru huila hariri. Gauni la mshazari la Vionnet likiwa limesimama ni kama noti za muziki zilizotundikwa. Ukienda, tafuta video ya mtu akitembea nalo, kama ipo, kisha urudi kulitazama.

17. Biashara haiharibu?

Nyumba nyingi hupata fedha zao kwenye manukato, mikoba na vipodozi. Haute couture ni heshima na tangazo. Ni kweli. Lakini waliochora dari za makanisa nao walilipwa, kwa mikataba iliyotaja hata gharama ya rangi ya buluu. Fedha huharibu pale inapoamua mkato. Ukiona mkusanyo ambao kila vazi linaielekeza kamera kwenye mkoba, hapo shuku.

18. Sheria inasemaje?

Nchi hutofautiana sana. Ufaransa huyataja mavazi na mapambo ya misimu waziwazi katika orodha ya kazi zinazolindwa na hakimiliki. Marekani huichukulia nguo kuwa kifaa: mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya sare za washangiliaji, iliamua kwamba pambo hulindwa likiweza kufikiriwa peke yake kama kazi ya sanaa, mbali na nguo. Mkato wenyewe unabaki nje. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2019 kwamba kupendeza hakutoshi. Kinachotakiwa ni ubunifu wa aliyeitunga kazi mwenyewe.

Ukiunganisha na swali la 9 utaona kichekesho cha uchungu: kule Marekani, kinachobandikwa juu hulindwa, na kile ambacho ndicho sanaa hasa, mkato, huachwa wazi. Vionnet aliliona tatizo hili mapema. Miaka ya 1920 alipiga picha kila vazi kwa mbele, nyuma na pembeni, na kutia alama ya kidole gumba chake kwenye lebo.

## Maswali ya pembeni

19. Vazi lililotolewa na mashine ya kuchapa maumbo (3D) linahesabika?

Iris van Herpen wa Uholanzi alionyesha vazi la namna hiyo mwaka 2010, na mwaka uliofuata akaalikwa kwenye kalenda ya haute couture. Mashine hupanga tabaka. Uamuzi wa umbo, na saa nyingi za kuunganisha kwa mkono, bado ni za watu. Kipimo ni kilekile cha swali la 9.

20. Mteja akiomba rangi ibadilishwe au kifua kifunikwe, sanaa imevunjika?

Maombi kama hayo ni ya kawaida sana. Huenda gauni unaloliona kwenye picha ya jukwaani lipo mahali pengine likiwa na mikono mirefu. Mimi huona ni sawa na wimbo unaopandishwa au kushushwa sauti ili mwimbaji aumudu. Lakini kuna mavazi ambayo ukiongeza mshono mmoja yamekwisha, na koti la mwaka 1961 ni mojawapo.

21. Nakala kamili, kipande kwa kipande, ni sanaa pia?

Ni ufundi, na ni shule nzuri. Kwa miaka mingi wanunuzi walilipa ili kuruhusiwa kunakili miundo ya Paris kwa maduka yao. Wazo halikuwa lao.

22. Nikishona gauni langu kwa mkono, kwa vipimo vyangu, ni haute couture?

Kisheria si haute couture, na ukiliuza kwa jina hilo nchini Ufaransa utajitia matatani. Kama ni sanaa, hilo ni swali jingine, na jibu lake halitegemei mtaa uliposhonea. Livae, tembea nalo, kisha mpe mwingine alivae utazame linavyobadilika akigeuka.